Termosta Mbili za Mapacha

Hita ya ukutani ilifanya "tik", ikazima, nami nikabaki na bisibisi mkononi kama mtu aliyenyang'anywa tonge mdomoni. Termosta iliyokuwa juu yake, kidude cha kupima joto na kuiwasha au kuizima hita, ilisoma nyuzi ishirini na nne. Ya pili, karibu na dirisha, ilisoma kumi na saba.

Ilikuwa saa nane mchana, Juni, Likasi nzima, kusini mwa Kongo, imejikunyata kwa baridi. Saa tisa Plamedie angetoka hospitali na mapacha wake waliozaliwa kabla ya wakati. Daktari alikuwa amesema bila kuzunguka: chumba kisishuke chini ya ishirini na tatu, la sivyo watoto warudi wodini. Na mimi, baada ya miaka kumi na mitano ya kufunga umeme, kwa mara ya kwanza nilikuwa nafunga kifaa kinachoamrishwa kwa simu. Furaha ilinifanya nipande ngazi mbiombio.

Kuchagua hakukunisumbua. Dukani zilikuwapo termosta za kuvutia zaidi, za volti ishirini na nne. Kwenye umeme wetu wa mia mbili ishirini zingeungua kabla sijashuka ngazi. Aliyenisumbua ni Mama Hortense, nyanya wa watoto.

"Clotilde, batoto beko babili," aliniambia asubuhi. "Ukiletea moya tu, mwenzake atakasirika. Mapasa banapewa sawasawa."

Fundi mwenye akili timamu angekataa. Mimi nilinunua mbili, nikazifuatanisha kwenye waya mmoja wa hita. Kumbe moja ikikata, zote zimekata, na ile ya juu ya hita ilipata joto kwanza. Nilijiona mjinga, ila nilijua ujinga huo umetoka wapi. Nami nilizaliwa pacha. Mwenzangu hakumaliza wiki, lakini mama aliendelea kuninunulia kila gauni mbili hadi nilipoanza shule, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Nilizima swichi kuu. Hita nikaikabidhi termosta ya dirishani peke yake. Ile nyingine nikaihamishia ubavuni mwake, nikaiachia umeme wa kuwasha uso wake tu. Kisha nikasukuma vitanda viwili katikati ya chumba, vikagusana.

Tukangoja. Kumi na tisa. Ishirini na moja. Mama Hortense aliacha rozari yake, akawa anasoma namba kwa sauti, nami nikizifuata kwa macho kama msichana anayesubiri matokeo ya mtihani. Teksi ilipopiga honi nje, zote mbili zilikuwa zimeandika ishirini na tatu.

Plamedie aliingia taratibu, akavua koti, akawalaza wanawe. Chumba kilikuwa na joto zuri kama la jikoni.

Mama Hortense hakuwa ameondoa macho ukutani.

"Na hii yenye ulihamisha," aliniuliza, "inatumika kazi gani?"

Ningeweza kumweleza habari za nyaya.

"Inakaa na mwenzake, mama," nilimjibu, na nikakawia kufunga mkoba wangu wa kazi, macho yangu kwenye vile vitanda viwili vilivyogusana.