Maneno Yaliyohamia kwa Yaki

Asubuhi Altje alikuwa kando ya barabara akianika karafuu kwenye mkeka, huku mwanawe Meiske akitafuna ndizi pembeni. Meiske alikuwa na umri ambao watoto wenzake pale Minahasa huwachosha wakubwa kwa maswali. Yeye alijua kusema ndiyo, bado, tayari na samahani. Hayo ndiyo maneno yaliyokuwa yamebaki nyumbani.

Baba mkwe wa Altje, Opa Wempi, yaani babu yake Meiske, aliuliza, na wengine walijibu. Aliyejibu zaidi ya alivyoulizwa alilala na njaa. Hata Fentje, mume wa Altje, mwenye mabega ya kubebea magunia, hakuwa amemwambia baba yake neno la maana tangu harusi. Maneno yalipoona hayana kazi, yalitoka moja moja kwa mlango wa jikoni, yakaipita mikarafuu, yakaingia msituni kwa yaki, wale nyani weusi wenye kishungi.

Huko yalipata kazi. Dume mkubwa akikoroma, jike mdogo humkoromea naye, wakanuniana, kisha wakakumbatiana na kuelezana. Pale mdogo anapoweza kubisha, mambo ya kusema hayaishi.

"Yaki wenu wana mdomo!" alisema jirani, Tante Dolfina, akipita na kikapu. "Jana mmoja kanikalia juu ya mnazi, sauti yako kabisa, eti mbona siku hizi simtembelei. Nikamwambia, shuka huko, mwizi we!"

Pale barabarani, nje ya nyumba ya Opa, Altje aliweza kuazima maneno ya jirani. "Akajibu nini?"

"Eti amechoka."

Altje akaendelea kutandaza karafuu. Ni kweli alikuwa amechoka.

Tangu hapo, kila Opa Wempi alipolala mchana, Altje alimpeleka mtoto ukingoni mwa msitu. Jike mzee mwenye sikio lililochanika alishuka, akampakata Meiske, akamtafutia chawa na kumsemesha. Sauti ilikuwa ya Altje, ile aliyokuwa nayo kabla hajaolewa. Meiske alimwita Oma, kama watoto wanavyowaita bibi zao. Alijifunza kuuliza kwa nini, akajifunza kusema sitaki, na siku moja akasema nakupenda. Altje alikaa kando akisikiliza yote ambayo angemwambia mwanawe. Alimwonea yaki wivu, tena wivu mkali, lakini kesho yake alirudi.

Sikukuu ya kushukuru mavuno ikakaribia. Siku hiyo kila mlango huwa wazi na kila apitaye hula, na nyumba isiyo na nyama ya porini husemwa mwaka mzima. Opa Wempi alikuwa akipaka bunduki mafuta.

"Yule yaki jike wa mikarafuuni," alimuuliza Altje, "mchana hushuka?"

Altje alitafuta neno la kukataa. Alilitafuta kooni na chini ya ulimi. Ndilo lililokuwa la kwanza kuhama.

"Ndiyo, Opa," alisema.

Siku ya sikukuu wageni walijaa mpaka barazani. Altje aliitia nyama pilipili, tangawizi na mchaichai, akaileta mezani ndani ya sufuria kubwa. Meiske alichungulia.

"Mama, kwa nini mmempika Oma?"

Wote walisikia. Tante Dolfina alisogeza wali karibu. Mgeni mmoja alisema huyu mtoto amechelewa kusema lakini anatamka vizuri. Fentje aliitambua ile sauti, akainua kichwa, kisha akakiinamisha tena. Altje alibaki ameshika mwiko.

Opa Wempi hakukasirika.

"Kumbe anasema," alisema. "Basi leo yeye ndiye atakayetuombea."

Meiske alimtazama mama yake. Altje alitikisa kichwa kukubali. Mtoto akafumba macho, akafumbata mikono, na kwa sauti ya Altje wa zamani, bila kukwama hata mara moja, akamshukuru Mungu kwa wali, kwa pilipili, kwa wageni na kwa Oma.

"Amina," wakasema wote, na Altje naye.

Opa Wempi akavuta sufuria, akamchagulia mtoto kipande kinono.