Kibali cha Kuezua

Nyumba ya Abdulrahim, fundi cherehani, ilikuwa karibu na boma la Wadachi, na paa lake la nyasi lilikuwa limeoza. Mvua ikishuka kutoka Meru, mkewe Zuleha alihamisha godoro, akahamisha vitambaa vya watu, mwisho akaifunika cherehani kwa ngozi ya ng'ombe na kuikumbatia mpaka mvua ikatike. Ndiyo iliyowalisha.

Kuezeka halikuwa jambo gumu. Ugumu ulikuwa amri: katika mtaa ule mtu asiguse nyumba yake, hata kuziba tundu, bila kibali cha bwana mkubwa wa boma. Na bwana huyo alikuwa mgeni, Kiswahili hajui. Maneno yote yaliingia na kutoka kwa mkalimani wake, Sefu.

"Tumwendee Sefu," Zuleha alisema. "Si mtu wa kwenu Pangani?"

"Sefu hatoi cha bure."

"Mkono mtupu haulambwi. Mshonee kitu."

Akamshonea joho la buluu lenye nakshi ya hariri shingoni, kazi iliyomuumiza macho. Sefu akalivaa palepale. "Limenikaa, shemeji," akamwambia Zuleha. Siku chache baadaye akapita mlangoni, wala hakusimama.

"Bwana amekubali. Ezueni."

"Na karatasi?" Abdulrahim akauliza.

"Kwani wewe unasoma Kidachi? Ezua, ndugu yangu. Masika hayamngoji mtu."

Wakaezua. Loserian, Mwarusha aliyewaletea fito na nyasi kutoka Elerai, alikuwa juu bado askari walipofika. Wakamvuta mguu. Alianguka vibaya, mkono ukavunjika, akaachwa hapo akiugulia. Aliyetakiwa alikuwa mwenye nyumba.

Kule bomani bwana alikuwa barazani anakunywa kahawa, Sefu amesimama kando yake. Zuleha alizuiwa langoni, lakini aliona na kusikia. Mumewe alieleza yote kwa utaratibu: kwamba aliomba kibali, kwamba alimtuma mkalimani huyuhuyu, kwamba jibu alilopewa ni kuwa bwana ameridhia. Sefu alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akamgeukia bwana na kusema maneno matatu ya Kidachi, labda manne.

Bwana akaitikia kwa kichwa, akarudia kikombe chake.

"Hamsa ishirini," askari akasema, yaani viboko ishirini na vitano.

Mwanzoni Zuleha aliisikia sauti ya mumewe baada ya kila kiboko. Halafu akasikia kiboko peke yake.

Asubuhi Sefu alikuja kuwajulia hali. Alivua viatu mlangoni, ingawa ndani kulikuwa tope tupu kwa mvua ya usiku. Abdulrahim alikuwa amelala kifudifudi.

"Pole, ndugu yangu."

"Ulimwambia nini bwana?" Zuleha akauliza.

"Kwamba amekiri." Sefu hakuinamisha macho. "Ulitaka niseme ruhusa niliitoa mimi? Ningelazwa mimi, kisha na yeye angelazwa. Hivi amelazwa mmoja."

"Hukumwomba kabisa."

"Nilikuwa nangoja siku njema."

"Ulituambia tuezue."

"Niliwaambia," Sefu akakubali, kama mtu aliyeulizwa njia. "Sasa bwana anataka kiwanja hiki, kwa kuwa nyumba haina paa. Naweza kusema naye. Leo ametoka kuwinda, amefurahi." Akaitazama cherehani. "Mke wangu anapenda kushona."

Mchi wa kinu ulikuwa karibu na mkono wa Zuleha. Aliutazama, akautazama na mgongo wa mumewe. Amvunje Sefu kichwa, halafu nani amsemee kwa Mdachi?

"Mpe," Abdulrahim akasema, mdomo wake ukiwa mkekani.

Zuleha aliifuta cherehani tope kwa kanga yake, akajitwisha. Sefu habebi vitu. Alitangulia mbele, mikono mgongoni, akiwasalimu watu wa mtaa.

Safari hii kibali kilitoka kweli. Waliezeka vizuri, pasivuje hata tone. Abdulrahim akawa anashinda barazani chini ya nyasi mpya, hana cha kufanya, anasokota uzi vidoleni. Sefu alipita pale kila siku kwenda bomani, na kila siku Zuleha alisimama na kumsalimu yeye kwanza.