Bei Yenye Masikio

Saa mbili na nusu asubuhi Bibi Nauli alifungua dirisha lake la tiketi za ndege, akafuta kioo, akawasha kompyuta, kisha akamwambia mteja wa kwanza ajipanguse machozi kabla hajakaa.

"Ukilia inapanda," alisema. "Cheka kidogo. Sema unaenda kutembea."

Mteja, aliyefiwa na mkwewe, akacheka. Bei ikashuka laki moja. Akalipa haraka, kabla uso haujamgeuka.

Ndiyo kazi yenyewe. Wageni wa biashara hii hudhani kiti cha ndege kina bei. Thubutu! Kiti hakina bei; mwenye bei ni abiria. Viti ni vile vile, na mkate mkavu ni ule ule, ila viti vimegawanywa kwa herufi, kila herufi na nauli yake, na herufi za rahisi hufungwa siku ya safari ikikaribia, maana anayenunua leo tiketi ya kesho ana shida huyo. Zamani kompyuta ilipima shida kwa tarehe tu. Siku hizi inasikiliza pumzi. Makao makuu waliwahi kutuma mafundi, wakaikagua kutwa nzima, wakaondoka wameridhika.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye dirisha lile, mficha maradhi ndiye aliyesafiri. Bibi Nauli alikuwa amefundisha nusu ya mji kuficha, na watu walimpenda kwa hilo.

Saa nne kaka yake akapiga simu.

"Mama anakuulizia wewe tu, mdogo wangu. Hali ni mbaya. Njoo, akuone."

Wakala haruhusiwi kujiuzia tiketi. Bibi Nauli akazunguka meza, akakaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya mwenzake wa dirisha la pili, waliyemwita Miwani.

"Kesho alfajiri kimebaki kiti kimoja," alisema Miwani. "Laki nne."

Alikuwa na laki tano kwenye mkoba.

"Unaenda kufanya nini?" Miwani aliuliza, kwa kuwa ni lazima kuuliza.

"Kutembea."

Laki tano na nusu.

"Cheka basi, shoga yangu."

Akacheka. Laki saba. Mganga hajigangi. Akajaribu kuwaza viatu vipya, akaishia kuwaza kandambili za mama yake, zile zilizoshonwa kwa uzi mweusi, na bei ikafika laki tisa. Miwani, mtu wa watu, akasema atamwongezea akiba yake yote. Bibi Nauli akalengwa na machozi ya shukrani. Milioni moja na laki mbili.

"Jamani, usishukuru!" Miwani alimkaripia.

Roho ilimuuma kama jino bovu. Alitaka kufika, basi; kumshika mama mkono akiwa bado anajua ni mkono wa nani. Akafumba macho, akavuta pumzi, akasema lile neno ambalo hakuwahi kumfundisha mteja yeyote.

"Mimi sina mama."

Bei ikaanguka hadi laki moja na nusu, ikatulia.

"Umeweza!" Miwani akapiga makofi. "Lete hela nichape."

Bibi Nauli alikuwa anafungua mkoba simu ilipoita. Alikuwa kaka yake.

"Mama ametutoka. Sasa hivi tu. Tunazika leo jioni, usijisumbue na ndege."

Akamshukuru, akafunga mkoba, akarudi kwenye dirisha lake. Mteja aliyefuata alikuwa bwana mmoja wa kofia ya majani, asiye na haraka wala shida yoyote.

"Kuna safari ya rahisi ya kesho? Popote tu."

"Ipo. Alfajiri."

"Huko kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema Bibi Nauli, na sauti yake ikapasuka katikati.

Bwana akacheka, akahesabu laki moja na nusu. Bei haikutikisika. Akamchapia.