Fisi Maji wa Pili

Mume wangu Mihayo aliingia nyumbani kwetu mara ya kwanza kinyumenyume. Alikuwa anarudi nyuma huku jicho amelibana kwenye kamera, anapiga picha kuku wa mama, akajikwaa kwenye jiwe la kusagia na kukalia beseni la dagaa. Mama yangu, Nyamburi, alimtazama pale alipokaa.

"Karibu, baba," akamwambia. "Wengine wanatumiaga kiti."

Ilikuwa mwaka 1971, kijijini kwetu kando ya ziwa, upande wa Suguti. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri barua ya kazi. Mihayo alikuwa kijana wa Nyamuswa, kwa wafuga ng'ombe, na kabla ya hapo hakuwa ameoga ziwani hata siku moja. Ofisi iliyomwajiri ilikuwa na gari la sinema. Walimpa kamera wakamtuma atengeneze filamu fupi kuhusu wavuvi wa kijiji cha ujamaa: wanavuta nyavu pamoja, wanagawana, wanaimba. Kuvuta na kugawana tulikuwa tunajua. Kuimba tulifanya mazoezi siku mbili.

Siku ya tatu Mihayo akaona fisi maji, na filamu ya ushirika ikaishia hapo.

Kwa asiyemjua, fisi maji ni mnyama mwembamba, mrefu kama mkono wa mtu mzima, ana manyoya ya kahawia na masharubu kama ya mwalimu wetu wa hesabu. Chakula chake samaki. Kwetu alikuwa mwizi tu. Anaingia kwenye wavu uliotegwa, anakula sato mpaka shingoni, kichwa anakuachia wewe, na akitoka anaacha tundu la kupita mbuzi. Wavuvi wakimkuta amenasa walimpiga rungu. Hakuna aliyeona ajabu, kama vile hakuna anayeona ajabu kuua panya ghalani.

Mihayo alilala kifudifudi juu ya mwamba wiki nzima akiwatazama. Walikuwa wanateleza mwambani kwa matumbo, mmoja baada ya mwingine, wanaingia majini, wanapanda tena, wanateleza tena. Jike mmoja alikuwa na kijiwe chake anachokirusha juu na kukidaka.

"Eufrasia," aliniambia, "wale wanacheza. Hawatafuti kitu chochote. Wanacheza tu!"

Alisema kama mtu aliyeokoka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kuwatazama fisi maji, na sikuwa nimewaona.

Wiki ilipokwisha nilikuwa nambebea begi lake la filamu, na kijiji kizima kilijua kwa nini. Mihayo hakutaka kuzungukazunguka. Alimwendea baba yangu, Masatu, mkuu wa nyavu, akamwambia anataka kunioa. Baba alikuwa ameipenda ile kamera kuliko alivyompenda mwenye kamera.

"Nitakujibu siku nikiona picha yangu," baba alisema. "Mtu akijua kunipiga picha vizuri, basi ananijua."

Kesho yake nyavu zilitoka na fisi maji wawili.

Kamera ile ilizungushwa ufunguo kama saa ya mezani, na ukishazungusha inakwenda nusu dakika tu. Baba alimtoa wa kwanza, dume kubwa, akainua rungu, na kamera ikasimama. Mihayo akazungusha ufunguo mbio mbio, lakini alipoinua macho yule dume alikuwa amekwisha kufa. Wa pili alikuwa mtoto, amenasa mguu mmoja. Watoto baba hakuwa anawapiga. Alikuwa anakata nyuzi na kuwatupa majini huku anawatukana mama zao. Siku hiyo pia alikuwa amekwisha toa kisu.

"Baba," Mihayo akasema, jicho likiwa kwenye kamera, "rudia."

Baba alimtazama yule mdogo. Akaitazama kamera. Akarudisha kisu kiunoni, akanyoosha kola ya shati, akarudia.

Kisha akamwuliza Mihayo kama upande wa kulia umetoka vizuri. Mihayo alikuwa nyuma ya mtumbwi anatapika.

Filamu ilipelekwa Dar es Salaam kuoshwa, ikarudi baada ya miezi mitatu. Mihayo aliikata na kuiunga mwenyewe. Ya ushirika ilibaki dakika mbili. Zilizobaki zote ni fisi maji: kwanza wanacheza, halafu rungu. Bosi wake alikuwa semina, na ofisini hakuna mwingine aliyejua kuendesha mashine ile, kwa hiyo hakuna aliyeiona kabla ya wananchi. Filamu haikuwa na sauti. Maneno aliyasema mwenyewe kwa kipaza sauti, amesimama kando ya mashine: "Ndugu wananchi, huu ni ukatili, na unafanyika hapa hapa kwetu."

Aliponisomea maneno hayo nilimwuliza, "Utasema pia nani aliyesema rudia?"

"Filamu haina nafasi, Eufrasia."

"Kipaza sauti kina nafasi."

Akajifanya anatafuta waya.

Alikuwa amepanga maonyesho matatu: Alhamisi Bunda, Ijumaa Butiama, Jumamosi Musoma mjini. Baba alichagua kuja Musoma, kwa sababu mtu wa heshima anaonyeshwa mjini. Mimi nilipanda gari la sinema pamoja na shangazi Wankyo, aliyetumwa na mama ahakikishe kwamba nakaa kiti cha nyuma.

Bunda tulionyesha mchana ndani ya ghala la pamba kule Kabasa, madirisha yamezibwa kwa magunia. Wengi walikuwa wakulima wa bara ambao fisi maji hawajamwona.

"Huyo ni mbwa?" mmoja akauliza.

"Ni panya aliyesoma," mwenzake akajibu.

Walicheka mpaka vumbi la pamba likawapalia. Jike aliporusha kijiwe chake walipiga makofi, akakidaka, wakapiga tena. Halafu rungu likaja. Mama mmoja akalia kwa sauti kama aliyefiwa. Hamduni, mshonaji mwenye duka la vitambaa, alisimama juu ya benchi.

"Mzee yule ni nani? Akija dukani kwangu simuuzii hata kifungo!"

"Hamduni, wewe sato unamlaga au humlagi?" akajibiwa kutoka nyuma. "Wavu ukitoboka utakuja kuushona wewe?"

"Nitashona! Mimi si fundi?"

"Haya, kesho uje na cherehani yako ziwani!"

Dakika moja baadaye wa Hamduni walikuwa wamehamia upande wa mlango, na wa wavu upande wa mizani. Ndugu wawili walioketi benchi moja walilivuta huku na huku mpaka likavunjika.

Butiama hawakupiga kelele. Walichagua mwenyekiti na katibu, wakajadili. Wengine walisema fisi maji naye anakula jasho lake, wengine kwamba anakula jasho la wengine, hivyo ni mnyonyaji. Mjadala ulimaliza mafuta ya jenereta. Azimio lilikuwa kwamba mwizi asipigwe rungu, afikishwe mahakamani.

Siku zote mbili Mihayo alisema "ukatili", akasema "hapa hapa kwetu", na hakusema lile lingine. Usiku wa Ijumaa nilimwambia kesho baba atakuwa mstari wa mbele. Akasema anajua. Nikamwambia baba ataniuliza mimi, na mimi sitamdanganya. Akasema hilo pia analijua. Sikumwona akila.

Habari zilikuwa zimemfikia baba vipande vipande. Dereva wa basi la Bunda alimpigia honi na kumwambia, "Mzee, pua yako ilikuwa kubwa kama mlango wa ghala!" Mchuuzi wa dagaa kutoka Butiama alikataa kumpa mkono. Baba akaamua yule mchuuzi ana wivu. Jumamosi alishuka Musoma amevaa koti la harusi yake, na nyuma yake mama na jamaa kumi na mmoja, nao wamevaa viatu.

Ukumbi ulijaa, mablanketi madirishani. Fisi maji walipoteleza baba alicheka pamoja na watu, lakini kwa haraka haraka, kama anayesubiri zamu yake. Kisha akatokea yeye, ukuta mzima, ananyoosha kola.

"Masatu huyo!" jamaa zetu wakapiga kelele. "Masatu wetu!"

Rungu likapanda. Likashuka.

Shangwe za jamaa zilikatika moja moja. Nyuma yetu mtu akasema, "Muuaji." Mwingine akasema, "Mtoto kabisa yule, jamani." Wa tatu akasema aachwe mzee wa watu, yeye anatafuta riziki. Mara ukumbi wote unabishana, wa kulia na wa kushoto, wanaume wameinuka. Mama alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

Baba alisimama. Kivuli chake kikaangukia ukutani juu ya picha yake mwenyewe. Akageuka, lakini watu hakuwatazama. Alimtazama Mihayo kando ya mashine. Alikuwa na neno la kusema na sisi watatu tulilijua. Hakulisema. Alingoja.

Mihayo alishika kipaza sauti. Kikapiga mluzi, akakipigapiga, kikapiga mluzi tena.

"Ndugu zangu," alisema, "huyu mnayemwona ni wa pili. Wa kwanza alipopigwa kamera yangu ilisimama. Huyu mdogo, mzee alikuwa anamwachia. Alikuwa na kisu mkononi amkatie nyuzi. Mimi ndiye niliyemwambia arudie."

Filamu ilikwisha, mkia wake ukawa unapigapiga kwenye gurudumu la mashine. Kisha ukumbi ukalipuka.

"Apigwe mwenye kamera!"

"Wapigwe wote wawili!"

"Irudishwe nyuma tuone hicho kisu!"

Baba aliinua mkono mpaka wakanyamaza.

"Huyu kijana hakunishika mkono," alisema. "Alisema neno moja. Mimi nina watoto saba, nywele zimeanza kuwa nyeupe, nikaambiwa rudia na nikarudia, kwa sababu nilitaka nionekane. Hilo langu. Lile la kusema ni lake. Gawaneni hapo mkitaka." Akakaa, akafunga vifungo vya koti.

Waligawana kweli. Niliwaacha bado wanabishana ngazini.

Nje, jua likiwa bado lipo, Mihayo alikuwa anakunja nyaya kando ya gari. Jamaa zetu kumi na mmoja walikuwa wamejipanga pembeni, viatu wamevishika mkononi. Baba alimwendea. Mama akamfuata, nami nikamfuata mama.

"Baba," Mihayo akasema bila kuinua macho, "najua jibu langu nimelipoteza."

"Kazini watakufukuza?"

"Huenda."

"Kwa hiyo huna kazi."

"Huenda sina."

"Na wewe Masatu huna sifa," mama akasema. "Mmelingana. Malizeni tuondoke."

Baba alikohoa. "Filamu hiyo utaionyesha tena?"

"Ukikataa, baba, naichoma."

"Usichome. Yule mdogo amekwisha kufa, ukichoma atakuwa amekufa bure. Onyesha. Lakini kila mahali useme kama ulivyosema leo. Usije siku moja ukachoka, au ukaona wakubwa wamekaa mbele, ukaliruka. Siku utakayoliruka namchukua binti yangu anarudi nyumbani."

Mihayo aliendelea kukunja waya. "Nitasema, baba. Nakuahidi." Kisha mikono ikasimama. "Anarudi? Kwani anarudi kutoka wapi?"

"Amekwambia ndiyo, mwanangu," mama akasema. "Funga mdomo, mbu wanaingia."

Hawakumfukuza. Bosi aliporudi semina alikuta barua thelathini, nusu zinataka filamu ipigwe marufuku na nusu zinataka ije kwao, akaona heri gari liendelee kutembea. Baba naye sitamsingizia wema: fisi maji wakubwa aliendelea kuwapiga mpaka magoti yalipomzuia kwenda ziwani. Hamduni hakumwuzia kifungo maisha yake yote.

Tulizunguka na filamu ile miaka mitatu, mpaka ikakatika vipande visivyoungika. Nilikuwa nakaa mstari wa mbele. Kila rungu liliposhuka nilikuwa nasikia kipaza sauti kikipigwapigwa, na nilikuwa najikuta nimeshika ukingo wa benchi. Mahali pengine alilisema wakamzomea. Mahali pengine walicheka, na hilo lilimwuma zaidi. Nyamuswa, kwa watu wake, baba yake na wajomba zake wakiwa mbele, alikunywa maji mara tatu, nikafikiri leo analiruka, nikaanza kuwaza basi la kwenda Suguti linapita saa ngapi. Akaweka kikombe chini, akalisema.

Sasa ni mwezi wa nane tangu Mihayo atutoke. Msibani walisoma kwamba alikuwa mtaalamu wa habari, mtu makini, na hakuna aliyetaja beseni la dagaa. Tuliishi pamoja miaka arobaini na miwili. Sikurudishwa.