Samaki wa Jumamosi ya Mwisho

Kuna wanaume wanaokemea mapepo kanisani Jumapili, na Jumamosi wanaogopa mguu wa mwanamke. Mimi ninawajua sita. Mmoja wao ni mume wangu.

Chama chao cha uvuvi kina mwenyekiti, katibu, fulana za kijani zenye picha ya samaki, na kombe. Mwenyekiti ni Ogola, wakili wa Elgon View, mtu ambaye hata akiomba chumvi mezani utadhani anasoma hukumu. Katibu ni Obonyo, mzee wa kanisa, aliyestaafu kazi ya posta. Wabuge, mume wangu, ni mwanachama tu, na jambo hilo linamuuma. Wanatoka Eldoret alfajiri, wanapanda milima ya Cherang'any hadi kwenye mto mmoja wa maji baridi, kutafuta trauti, wale samaki wa madoadoa walioletwa na Wazungu zamani. Mvua kubwa zikianza mto unageuka rangi ya chai ya maziwa, na msimu wao unakwisha. Jumamosi ya mwisho kabla ya mvua, atakayevua samaki mkubwa kuliko wote jina lake linachorwa kwenye kombe.

Mimi nafundisha kemia shule moja ya Kimumu, lakini nimekulia ukingoni mwa Nzoia. Mama yangu alivua kwa ndoano kila kiangazi, na hakuna aliyemuuliza mguu wake umepita wapi. Alinifunza kumsikia samaki kwa kidole kabla hajaonekana. Kwa hiyo msimu mzima nilimwomba Wabuge anipe nafasi ya kuvua, na msimu mzima akaniambia ngoja. Mwishowe akaahidi kwamba Jumamosi ya mwisho nitarusha ndoano kama wao, na kwamba yeye mwenyewe ataongea na Mwenyekiti. Nililala na furaha ya mtoto anayengoja Krismasi. Asubuhi, tukiwa tayari ndani ya gari, ndipo nilipojua kuwa alichoongea na Mwenyekiti ni kwamba nitakuja kuwapikia.

Na nikapika. Sitaki mtu aseme mimi ndiye niliyeanza. Nilipuliza moto wa kuni mbichi mpaka macho yakawa mekundu, nikachemsha chai, nikabandika kuku niliyemfuga mwenyewe nyuma ya nyumba yetu Kapsoya. Wao wakawa wanatembea ukingoni na fulana zao, wakirusha chambo chao cha manyoya. Kiangazi kilikuwa kimeupunguza mto, maji yamekuwa safi hivi kwamba unahesabu kokoto chini. Ukimwona samaki, naye amekuona. Nilimwambia Wabuge wasogee nyuma, wajaribu kile kidimbwi chenye kivuli chini ya mwamba, na ndoano waiache izame kabisa, maana jua likizidi samaki hukimbilia kwenye baridi. Akaniambia hawa si samaki wa Nzoia.

Mpaka jua lilipokaribia utosi, hakuna aliyekuwa amepata hata wa kumdanganya paka. Nikabeba birika mkono mmoja na vikombe mkono mwingine, nikawapelekea chai. Fimbo ya kuvulia ya Ogola ilikuwa imelazwa katikati ya njia, mwamba huku na maji kule. Nikairuka. Sijui mtu mwingine angefanya nini, labda apae.

Ogola akaweka kofia yake chini polepole. Aliwauliza wenzake kama wameona alichoona yeye. Kwao, alieleza, mwanamke haruki ndoano. Akiiruka haishiki kitu tena, na bahati ya siku nayo inaondoka. Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Nikamgeukia Obonyo, ambaye mwezi uliopita alihubiri saa nzima kuhusu hirizi, nikamngoja amkanye mwenzake. Obonyo alijikuna kidevu, akasema kuna mila zingine ambazo zilikuwa na maana yake. Niliwakumbusha kwamba wamekaa bila samaki tangu asubuhi, na fimbo nimeiruka sasa hivi. Watu wanne kati yao wana digrii, na hakuna aliyesumbuliwa na hesabu hiyo.

"Mama Byron," mume wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "enda ukae huko nyuma ya mawe kidogo. Ni kidogo tu, ndio watulie."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Ogola ni mtu wa nje, maneno yake yangenipita. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Nilienda nikaketi nyuma ya mawe, kando ya kile kidimbwi chenye kivuli, mwanamke mzima mwenye mtoto kidato cha tatu, kama aliyefukuzwa darasani.

Kisha Obonyo akashauri waombe. Walikusanyika pale juu karibu na moto, wakavua kofia, wakashikana mikono, wakafumba macho. Upepo ulinileta maombi yote. Walimwomba Mungu aondoe kizuizi kilichoingia mtoni. Kizuizi chenyewe ni mimi, niliyewapikia kuku.

Fimbo ya Wabuge ilikuwa imeegemezwa kwenye jiwe lililo karibu nami. Niliiangalia. Maombi ya Obonyo nayajua, hayana haraka. Nikageuza jiwe dogo kwa mguu, nikapata nyungunyungu, nikatoa manyoya yao, nikamvisha nyungunyungu kwenye ndoano. Nikapiga magoti nyuma ya mwamba ili kivuli changu kisianguke majini, nikaiacha ndoano izame.

Alinigusa kwanza kwa upole, mdundo mdogo kwenye kidole, uleule wa utotoni. Sikumvuta. Alipogusa mara ya pili nikainua fimbo, na uzi ukakimbia mtoni ukilia. Huyo hakuwa samaki wa kuletwa kwa sekunde. Alipanda juu, akashuka, akajaribu kuingia chini ya mzizi, nikamgeuza. Nilikuwa nacheka peke yangu. Alipochoka akalala ubavu juu ya maji, nikaona urefu wake, na hapo ndipo nilipoita waniletee wavu.

Kwenye lile duara Wabuge ndiye aliyekuwa karibu nami, akafika wa kwanza. Hakuleta wavu. Alinipokonya fimbo mkononi akisema nitakata uzi. Obonyo akaja nyuma yake na wavu, akamkinga samaki. Waliobaki walipofika na macho yao yaliyotoka kufumbwa, waliona Wabuge ameshika fimbo, na samaki wa urefu wa mkono anapiga mkia.

Kelele zilizopigwa hapo zingesikika Iten. Ogola alimkumbatia mume wangu, akamwita mjanja, eti ametoroka maombi akaja kuvua. Obonyo akasema Bwana hakawii. Nikangoja Wabuge aseme. Alikuwa anacheka, anapigwa mgongo, anaangalia kila mahali isipokuwa kwangu.

"Ni mimi nimemvua," nikasema.

Ogola alinitazama kwa huruma ya wakili mbele ya shahidi wa upande wa pili. "Shemeji, tunajua. Mume na mke si ni mwili mmoja?"

Wakacheka tena. Nikamuuliza Wabuge mbele yao nani alivua huyu samaki. Alipangusa mikono kwenye suruali, akasema tutaongea nyumbani.

Samaki alitiwa kwenye mfuko wa wavu, ukafungwa kwenye mzizi ndani ya maji abaki hai mpaka apimwe. Mizani na kombe vilikuwa kwenye gari la Ogola, juu kwenye kilima, na wote walitaka kwenda kuvileta kwa shangwe. Mimi niliachiwa kazi ya kulinda. Ogola alisema kwamba wakishapima na kupiga picha, shemeji atampasua na kumchoma, na kichwa ataheshimiwa nacho Wabuge. Mimi sikutajiwa hata mkia.

Nilimshika Wabuge mkono akabaki nyuma. Nilimwambia sitaki kombe, sitaki kichwa. Nataka aseme neno moja tu, kwamba ni mimi, Nanzala.

"Nikisema saa hii nitaonekana mwongo," akajibu. "Wacha nipewe kombe kwanza. Halafu kwa speech nitasema ulinisaidia."

"Nilikusaidia?"

"Nitasema ulinisaidia sana."

Akapanda kilima mbio asiachwe na wenzake.

Nilichuchumaa kando ya maji. Samaki alikuwa ametulia ndani ya mfuko, ubavu wake una mstari mwekundu kama uliopakwa kwa kidole. Nilikuwa namtaka. Nilikuwa namtaka samaki yule kuliko kitu chochote nilichotaka mwaka huo, na nilijua kabisa kwamba akitoka majini atakuwa wa Wabuge mpaka siku tutakayozikwa, kwenye picha, kwenye kombe, kwenye hadithi za wajukuu. Nikafungua fundo. Nisizuliwe kwamba aliniponyoka. Nilimshika tumboni kwa mikono miwili dhidi ya mkondo mpaka nguvu zikamrudia, kisha nikamwachia akaingia chini ya mwamba wake.

Walishuka wakiimba. Ogola alikuwa mbele na mizani, Wabuge ameshika kombe. Obonyo ndiye aliyeinua mfuko, ukatoka ukichuruzika maji matupu.

Niliwaambia nimemfungulia. Walipiga kelele kwa muda. Kisha Ogola alimgeukia Wabuge, si mimi, kwa kuwa mimi sikuwa mtu wa kuulizwa. Akamsomea sheria ya chama: anayepoteza samaki wa kombe hupigwa faini ya mbuzi, na lawama ni ya mvuvi mwenyewe, haijalishi alimwachia nani amlindie. Wabuge ajiandae kuleta mbuzi.

Nikaona uso wa mume wangu ukipiga hesabu.

"Mbuzi ya nini sasa?" akasema, na sauti yake ilifika ng'ambo. "Huyo samaki hakuwa wangu. Ni Nanzala alimvua. Mimi nilishika fimbo samaki akiwa ameshachoka!"

Maneno niliyoyangoja yalikuwa yametoka, yote, mbele ya watu wote, na kilichoyatoa ni mbuzi. Ukweli alikuwa nao mdomoni wakati wote. Ulipokuwa na sifa aliumeza, ulipokuwa na hasara akanitemea. Furaha niliyoitarajia haikuja. Nilimwonea mume wangu aibu kiasi kwamba niliangalia maji.

Lakini yalikuwa yamesemwa, na sikuwa na nia ya kuyaacha yapotelee mtoni. Nikasema sawa, faini ni yangu, mbuzi nitaleta.

Ogola alimtazama Obonyo. Wakasogea kando wakanong'ona. Waliporudi, Mwenyekiti alitangaza kwamba mwaka huu hakuna samaki aliyevuliwa. Mto ulikuwa na maji machache. Na kwa kuwa hakuna samaki, hakuna faini. Nimeishi kati ya wanaume wa Bungoma na wa kando ya ziwa maisha yangu yote, na hiyo ndiyo siku ya kwanza kuona wanaume sita wakikataa mbuzi.

Jioni hiyo Obonyo aliandika kwenye WhatsApp ya chama kwamba msimu umefungwa salama bila samaki, Mungu ni mwema. Wabuge akaweka alama ya mikono ya kuomba. Nilimwona akiiweka, ameketi kwenye kochi langu.

Jumamosi iliyofuata nilienda sokoni asubuhi nikachagua beberu mweusi mwenye ndevu. Nilivaa nguo yangu ya kanisa. Mwenye boda boda alimpakata mbuzi mbele, mimi nikakaa nyuma, tukaingia Elgon View saa ambayo wenye magari wanayaosha nje. Askari wa langoni kwa Ogola aliuliza mzigo ni wa nani, nikamwambia ni wa Mwenyekiti. Aliyetoka ni Adongo, mke wa Ogola, na leso kiunoni. Tunajuana kwa mbali tu, kutoka kwenye harusi za watu.

Aliuliza mbuzi ni wa nini. Nikamweleza, na sikufupisha. Nilianza na fimbo niliyoiruka, nikaja kwenye maombi, nikafika kwenye mfuko mtupu. Jirani wa ng'ambo alifunga bomba la maji ili asikie vizuri. Adongo alisikiliza mikono kiunoni, hakunikatiza ila mahali pamoja, kuuliza samaki alikuwa mkubwa kiasi gani. Nikanyoosha mkono, nikamwonyesha mpaka kwenye kiwiko na kupita.

Alichukua kamba mkononi mwangu, akamfunga mbuzi kwenye nguzo ya lango. Kisha akageukia nyumba, akaita kwa sauti ambayo haikupungukiwa kitu mbele ya ile ya mume wake.

"Baba Marvin! Toka nje upokee mbuzi. Mvuvi ameleta faini yake."