Mbwa Aliyebeba Moto wa Matanga

Jumamosi asubuhi fundi Were alifika Amalemba na futi kamba mfukoni na penseli sikioni, akampima mbwa. Alimpima kutoka puani hadi mkiani, kisha kimo cha mabega, akamweleza Muhonja, mwenye mbwa, kwamba sanduku la kumsafirishia kwa ndege lazima limwache mnyama asimame, ageuke na alale. Mbwa alitulia. Moshi mwembamba ulimtoka puani kama kawaida yake, ukapanda hadi kwenye kamba ya nguo.

"Upande wa kichwa nitatoboa matundu zaidi," Were alisema. "Anakulanga nini?"

"Ugali. Jioni, kipande cha mkaa."

"Basi ndani nitapiga bati."

Mbwa aliitwa Diwani. Makhanu, babake Muhonja, alimpa jina hilo kwa sababu alikula katika kila boma na hakulinda hata moja.

Huo ulikuwa mwaka wa 1997. Miaka mitano nyuma, wakati wa vurugu, watu wasiojulikana walichoma nyumba yao nje ya Chekalini. Makhanu alirudi zizini kufungua ng'ombe, na hakuonekana tena. Mkewe, Risper, aliwasha uani moto wa matanga, ule usiozimwa hadi marehemu azikwe, na kila jirani akaleta ukuni wake. Kabla mwili haujapatikana, lori lilikuja likawapakia, likawashusha Amalemba, Kakamega mjini. Moto ulibaki ukiwaka peke yake. Diwani aliwafuata kwa miguu, na alipofika alikuwa na moto huo tumboni.

"Ameubeba," Risper alisema, akaenda kumtafutia mkaa.

Watu wa Amalemba walizoea. Waliomwazima kufukuzia nyuki walimrudisha ameshiba. Lakini kwenye baraza la chifu ilitangazwa kwamba Makhanu hakufa, alihamia Uganda kutafuta kazi, na matanga ya mtu aliye hai ni uchochezi. Mara mbili mtu alirusha nyama yenye sumu juu ya ua. Kwa hiyo Muhonja alipopata kazi ya uuguzi Uingereza, hakufikiria kumwacha mbwa nyuma. Aliambiwa kwamba nchi ile ni kisiwa, na mbwa mgeni hufungiwa karantini miezi sita.

"Miezi sita si kitu," alijibu. "Huyu ameshangoja miaka mitano."

Jumatatu Muhonja na Risper walimpeleka kwa Cornelius Andati, daktari wa mifugo, apate cheti cha kusafiria. Daktari alimtazama meno, akasikiliza kifua, akapima joto. Kipimajoto kilipasuka, akachukua kingine.

"Kichaa hana. Minyoo hana," alisema. "Shida ni huu moshi. Wazungu watauliza chanzo chake. Niandike jiko la nyumbani?"

"Andika moto wa matanga," Muhonja alisema.

"Ya nani?"

"Ya baba yangu, Makhanu."

Andati aliinuka akafunga dirisha. "Dada, huyo tuliambiwa yuko Uganda."

"Wewe umewahi kumwona huko?"

"Sijawahi kufika Uganda." Alisogeza ndoo iliyokuwa pembeni. "Tunaweza pia kumnywesha maji mengi. Azimike tu, asafiri kama mbwa wengine. Mimi nina watoto."

"Mimi nilikuwa na baba," Muhonja alisema. "Mbwa huyu haendi kama mbwa wengine. Andika kweli, daktari, au usiandike kitu, na mimi nitabaki hapa naye."

Risper, aliyeketi kwenye benchi, aliongeza, "Na hiyo ndoo uirudishe mahali pake, mwanangu."

Diwani alipiga miayo. Ndani ya koo lake makaa yalionekana, mekundu, yamepangwa vizuri. Andati aliyatazama. Kisha alivua kofia, akachukua kijiti kimoja cha kukandamizia ulimi, akakitumbukiza mdomoni mwa mbwa kama mtu aletaye ukuni wake matangani.

"Pole, mama," alimwambia Risper. Akaketi, akaandika chanzo jinsi alivyoambiwa, na jina la Makhanu kwa herufi kubwa.

Siku ya kuondoka Chemutai alikuja kutoka Chekalini. Ndiye jirani aliyewaficha usiku ule wa moto. Alibeba tita la kuni za mti uliokuwa nyuma ya nyumba yao iliyochomwa.

"Kiwanjani kwenu kuna mahindi," alisema. "Mazuri sana mwaka huu."

"Ya nani?" Risper aliuliza.

"Hatuulizi. Tunapitanga tu."

Walizifunga kuni ndani ya sanduku, karibu na kichwa.

Katika uwanja wa ndege mpakiaji alinusa, akauliza kama mzigo huo unawaka. Muhonja alijibu ndiyo. Mpakiaji aliuweka mbali na shehena ya maua.

Karantini ilikuwa vyumba vya saruji kando ya bahari, na mvua ilinyesha kila siku. Mhudumu wa huko alimwosha Diwani kwa mpira wa maji mara kadhaa, kisha akaacha. Kila Jumapili Muhonja alifika na ukuni mmoja, akaukata vipande, akampa kupitia wavu.

Kakamega baraza lilifanyika tena. Watu waliambiwa kwamba Makhanu bado yuko Uganda na anaendelea vizuri.

Miezi sita ilipoisha, mhudumu alifungua mlango, akamkabidhi Muhonja kamba ya mbwa.

"Huu moto," aliuliza, "utauzima lini?"

"Tukishazika," Muhonja alisema, akatoka naye mvuani. Moshi ulipanda ukiwa umenyooka.