Mukono ya Tantine Syntiche

Mbele ya yote, mujue: tulishinda! Ngoja, nieleze muzuri, juu niko naruka mambo.

Ku académie ya sanaa, prof yetu ya gravure alituonyeshaka picha za Bajapani, za vita yao na Chine, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Banachonga picha mu mbao, banapaka wino, banalaza karatasi juu, banasugua. Karatasi tatu, moja kando ya ingine, vita moja. Muzuri mpaka inauzi! Theluji, moshi, na katikati ofisa amesimama na upanga, buti haina hata matope. Na prof anasema ba-artiste bengi habakuona ile vita na macho yao: balisoma magazeti, bakachora.

Nikauliza: "Na mama mwenye kukimbia vita na godoro ku kichwa, eko wapi?"

Prof akacheka: "Jemima, muchonge basi."

Nikamuchonga. Ku karatasi ya katikati niliweka tantine Syntiche, mudogo ya mama, mwenye alikimbiaka vita kule Kivu ya Kaskazini, sasa tunaikala naye hapa kwetu Kampemba. Godoro ku kichwa, macho mbele. Basoldat niliweka pembeni, badogo, mu moto na moshi. Na mukono yake moja inavuka mpaka ku karatasi ya tatu, inashika mukono ya mutoto yake, Léa. Presse, mashini ya kukandamiza picha, hatuna: tulisugua na mwiko ya kupika bukari.

Tantine akaangalia. "Pua yangu njo hii? Iko sawa kiazi!" Kisha akagusa godoro ya ku picha. "Acha vile. Kule nilitembea kandokando ya barabara siku kumi na moja, basoldat banapita katikati. Leo niko katikati mimi."

Monsieur Onésime, mwenye salle ya expo ya picha kule Golf, mutaa ya batajiri, alipenda sana. Lakini siku tatu mbele ya vernissage, siku ya kufungua expo, akaniita.

"Ma fille, tutatundika mbili tu. Moto, basoldat: ile njo vita. Ule mama na godoro yake anaharibu. Bageni banakuya kunywa kintu, habakuye kulia."

"Papa, iko picha moja. Haikatwe."

"Mbili, ao hakuna."

Nikarudi nyumbani na machozi. Tantine alikuwa anaosha sahani, hakugeuka hata.

"Aweke mbili zake. Ubao ya katikati, ile ulichonga, iko kwa nani?"

"Iko kwangu."

"Basi unalia nini?"

Siku ya vernissage, saa tisa ya muchana, salle ilijaa, harufu ya parfum tupu. Picha zangu mbili ziko ku ukuta, nafasi ya karatasi moja imebaki katikati yao. Madame mumoja akakaribia ile ya Léa.

"Huyu mutoto anashikwa na mukono. Mukono ya nani? Mwili iko wapi?"

"C'est symbolique," Monsieur Onésime akajibu mbio.

Mi nikalipuka: "Symbolique nini, mufano gani? Mwenye mukono eko nje, ku portail!"

Bantu bakatoka na verre za kinywaji mu mikono! Tantine alikuwa ameikala chini ku barabara, mbele ya portail, ubao juu ya kitenge, wino tayari, anasugua karatasi na mwiko yake.

"Mama, unafanya nini ku mulango yangu?" Monsieur Onésime akauliza.

"Minasugua godoro yangu, papa. Uko na shida?"

"Chadrack! Mufukuze!"

Chadrack, sentinelle mwenye kulinda portail, akakuna kichwa. "Patron, barabara haiko yetu."

Tantine akainua karatasi polepole, akasimama, akapita mbele yetu bote na sapato zake za vumbi, mpaka mu salle. Akajiweka kati ya zile picha mbili, akashika karatasi juu na mikono mibili. Mukono ya ku picha ikafika mpaka fasi yake, ku mukono ya Léa. Hata mi nilishituka.

"Musumari iko?"

Monsieur Onésime akaangalia pembeni.

"Hakuna shida. Kusimama, nilizoea."

Akasimama. Hakuna mwenye alirudi ku verre yake. Ule madame mwenye aliuliza juu ya mukono akamugeukia Monsieur Onésime: "Papa, mikono ya mama itachoka."

Mbele ya saa kumi, Monsieur Onésime mwenyewe njo alileta nyundo.

Wino ilikuwa ingali mubichi. Ikashuka kidogo ku ile ukuta nyeupe ya Golf, na hakuna mwenye alipanguza.